Kabla hujaandika "ugonjwa umerudi"

Ukianza kazi kliniki ya figo, utafundishwa kwanza kuogopa figo kufa, na ni haki yako kuogopa. Mgonjwa wa lupus (kinga ya mwili inayoushambulia mwili wenyewe) au wa uvimbe wa mishipa ya damu ambaye kreatinini yake, taka ya damu inayoonyesha figo zinavyoshindwa, inapanda kila wiki, ukichelewa kumpa dawa za kushusha kinga, ataishia kwenye mashine ya kusafisha damu. Lakini dawa hizo zina deni, nalo ni saratani, na mara nyingi hudaiwa miaka mingi baadaye, aliyeziandika akiwa ameshahama.

Mimi nililikuta kwa mzee mmoja. Alikuja na mkojo mwekundu, haumwi popote. Nikaandika "ugonjwa umerudi" na kupandisha prednisoloni, dawa ya kushusha kinga. Mkubwa wangu akauliza, "Mkojo umeuangalia mwenyewe?" Sikuwa nimeuangalia. Kwenye hadubini, chembe nyekundu zilikuwa duara nzuri kabisa, hazikukunjamana kama zile zinazojipenyeza kwenye chujio la figo lililoharibika. Protini nayo karibu hakuna, kwa hiyo damu ilielekea kutoka chini ya figo. Alipochunguliwa kibofu kwa kamera, uvimbe wa saratani ukaonekana.

Nikamuuliza dawa za zamani. "Vidonge viwili kila asubuhi, daktari, kama mwaka na nusu." Siklofosfamaidi, dawa kali ya kushusha kinga, kidonge kimoja miligramu 50. Piga hesabu: ni zaidi ya gramu 54. Mwongozo wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unataka jumla ya maisha yote isizidi gramu 36. Hakuna aliyejumlisha, kwa kuwa kila daktari alitazama dozi ya siku, nayo ilikuwa sahihi.

Kwa hiyo jumlisha, na uandike jumla hiyo ukurasa wa mbele wa faili. Utaona tofauti mwenyewe: ratiba ya dripu ya dawa hiyohiyo, miligramu 500 kila wiki mbili, mara sita, ni gramu 3 tu. Kinachounguza kibofu ni taka ya dawa hiyo, akrolini, inayokaa ndani ya mkojo. Ndiyo maana vidonge vinamezwa asubuhi na maji mengi, mgonjwa asilale na taka hiyo usiku kucha. Akivuta sigara, hatari inaongezeka.

Azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga, hufanya ngozi iathirike zaidi na jua, kwa hiyo saratani ya ngozi ndiyo ya kuitazamia; kofia na mikono mirefu si urembo. Kwa wanawake, kinga iliyoshuka hushindwa kuviondoa virusi vya HPV, vinavyoleta saratani ya shingo ya kizazi, hivyo uchunguzi wa shingo ya kizazi usikosekane. Hili ndilo tunaloliruka sana, nadhani kwa sababu kila mmoja wetu huliona ni la kliniki ya akina mama.

Na wakati mwingine saratani ndiyo iliyotangulia. Mtu mzima mwenye nefropathi ya utando (ugonjwa wa chujio la figo unaovujisha protini), hasa kama kingamwili za PLA2R, zinazoonyesha ugonjwa ulianzia kwenye figo zenyewe, hazikuonekana, mchunguze saratani kabla hujaigusa kinga yake.

Kuhusu kumweleza mgonjwa: usimwambie "dawa hii inaleta saratani" halafu ukaita anayefuata. Ataenda kuzitupa, na figo zitakufa mapema kuliko saratani yoyote. Mimi siku hizi humwambia: hizi dawa zinaokoa figo zako sasa, gramu zake nazihesabu mimi, wewe ukikojoa damu hata mara moja, hata miaka kumi baada ya kuziacha, njoo, na useme uliwahi kuzimeza.