Kwa nini sala kwenye filamu nyingi haigusi moyo

Mkuu, umeuliza kwa nini mtu akiswali kwenye filamu, mwanga ukamshukia na muziki mzito ukapanda, wewe hakuna unachohisi. Halafu filamu nyingine isiyo na mbwembwe zozote inakuacha umenyamaza. Kazi yangu ni kuhariri filamu, na kosa hilo nimelifanya kwa mikono yangu.

Nilipewa picha za bibi mmoja akivuta uradi baada ya swala ya alfajiri. Nikazikata vipande vya sekunde tatu tatu: vidole, dirisha, macho, tasbihi. Juu yake nikatandaza muziki wa vinanda, nikajiona nimemaliza. Binti yake alipotazama alisema tu, "Huyu si mama. Mama hana haraka."

Nikarudi kwenye picha ghafi. Kulikuwa na shoti moja, yaani picha iliyorekodiwa mfululizo bila mkato, ya dakika nne niliyoitupa kwa kuwa niliona hamna kinachotokea. Safari hii nikavaa hedifoni. Punje zinagongana kwa mwendo mmoja, midomo inacheza. Kisha dole gumba linasita juu ya punje moja na sauti inakatika. Sekunde kumi na kitu hakuna ila pumzi puani. Halafu punje inateremka, na nyingine inafuata. Pale aliposita ndipo palipokuwa na jambo lenyewe, nami ndipo nilipokata.

Tangu siku ile naamini hivi: kamera haiwezi kupiga picha ya kile anachokutana nacho mwenye imani. Inachoweza ni kukuweka kwenye kungoja kwake, ungoje naye. Ukikata mapema, umemnyang'anya mtazamaji kungoja huko, na muziki hauwezi kukirudisha ulichokiondoa.

Tazama filamu ya Nostalghia ya mwongozaji Mrusi Tarkovsky, ya mwaka 1983. Karibu na mwisho mtu anavuka bwawa lililokaushwa akiwa na mshumaa unaowaka. Unazimika, anarudi mwanzo. Unazimika tena, anarudi tena. Ni shoti moja ya kama dakika tisa, bila mkato. Hakuna anayekueleza kwamba hiyo ni imani, lakini kufikia safari ya tatu nawe unaulinda ule moto kwa kiganja chako.

Dreyer, mwongozaji wa Denmark, kwenye filamu ya Ordet (1955) amethubutu kuonyesha muujiza wenyewe, maiti ya mama mmoja kufufuka, na hakuweka mwanga wa ajabu wala ngurumo. Chumba ni kilekile, watu wamesimama vilevile. Saa ya ukutani iliyosimamishwa mama yule alipofariki inaanzishwa tena. Mimi sauti ya saa ile hunitoa machozi kuliko sura ya aliyefufuka.

Kuna na njia ya kutoonyesha kabisa. Moustapha Akkad alipotengeneza The Message (1976), filamu kuhusu Mtume Muhammad, Mtume mwenyewe haonekani wala sauti yake haisikiki. Kamera inakaa mahali pa Mtume, na waigizaji wanazungumza wakiitazama. Katazo la dini likazaa mbinu ya filamu: mtazamaji anatazamwa kwa heshima isiyo yake, na anaona uzito wake.

Usije ukaelewa kwamba napinga muziki. Bresson, mwongozaji Mfaransa, kwenye filamu yake ya 1956 kuhusu mfungwa anayetoroka gereza la Wajerumani huko Ufaransa, ametumia Misa ya Mozart katika C ndogo (C minor), muziki wa ibada ya kanisani, tena kwa uchache. Mojawapo ya mahali alipoiweka ni uani, wafungwa wakienda kumwaga ndoo zao za uchafu. Mwingine angeingoja hadi mtu apige magoti. Kwangu mimi hapo ndipo muziki ule unapofika kunakostahili, kwa sababu haukusifii mtu mcha Mungu. Unakufanya uwatazame upya wanaume wachovu wenye ndoo mikononi.