Kumwajiri Mwalimu wa Muziki: Mwoneni Akifundisha

Katika miaka niliyohudumu kwenye kamati ya kuajiri walimu ya shule ya upili hapa Kenya, nimeona jinsi nafasi ya mwalimu wa muziki inavyojazwa kwa kigezo kisichotosha: mwombaji huketi kwenye kinanda, akapiga wimbo mmoja vizuri, wajumbe wakapendezwa, na mahojiano yakaishia hapo. Kupiga ala na kumfundisha mtoto kuipiga ni stadi mbili, na shule hulipia ile ya pili.

Kabla ya kutangaza nafasi, halmashauri ikubaliane inamtafuta nani. Kwaya inayokwenda Tamasha za Muziki za Kenya, zilizoanza mwaka 1927, inaweza kunolewa na mkufunzi hodari asiyesoma nota za mistari mitano, na wako wengi wa namna hiyo waliolelewa na solfa (uimbaji wa do-re-mi) za kanisani. Somo la Muziki katika KCSE, mtihani wa mwisho wa shule ya upili, ni jambo jingine, kwa kuwa humpima mwanafunzi katika utendaji, katika usikivu, na katika nadharia na historia ya muziki wa Kiafrika na wa Kimagharibi. Isitoshe, Gredi ya 10 ya mtaala mpya ilianza mwaka 2026 ikiwa na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, huku KCSE ikitarajiwa kuendelea hadi mwaka 2027, kwa hiyo mwalimu anayeajiriwa sasa huenda akabeba mitaala miwili kwa wakati mmoja. Tangazo liseme hayo waziwazi, na litoke mapema, kwani anayeingia wakati mazoezi ya tamasha yamepamba moto humezwa na kwaya, na darasa likasahaulika.

Usajili wa TSC (Tume ya Huduma za Walimu), vyeti na somo la pili la kufundishia vithibitishwe kwanza. Hayo hayahitaji mjadala.

Siku ya mahojiano, mpeni mwombaji kifungu kifupi cha wimbo akisikilize na kukiandika, kisha akipangie sauti nne za soprano, alto, tenor na besi. Zoezi hilo huchukua muda mfupi nalo hufichua mengi. Lakini lililo muhimu kuliko yote ni kumpa kipindi kizima cha dakika 40 pamoja na wanafunzi halisi, bila kinanda, afundishe jambo dogo kama vile tofauti ya mizani ya mapigo matatu na ya mapigo manne. Msimtazame yeye pekee, watazameni wanafunzi: je, wanapiga makofi na kuimba wenyewe, au wanaandika maelezo tu? Yule anayeimba vibaya anasaidiwaje? Nimewaona waombaji wenye vidole vyepesi ajabu wakishindwa kumwelekeza mtoto aliyepotea sauti, na wengine wasiovutia sana kwenye kinanda wakilifanya darasa zima lisikie kosa na kulirekebisha.

Muulizeni pia angemfanyia nini mvulana ambaye sauti yake inavunjika. Anayejibu kwamba angemshurutisha aendelee na sauti za juu hajawajua vijana wa umri huu, ilhali anayejua kazi atazungumzia kumpunguzia upana wa nota na kumbadilishia nafasi kwenye kwaya hatua kwa hatua. Vilevile, akiletewa nyatiti (ala ya nyuzi ya Waluo) au chivoti (filimbi ya pwani) na mwanafunzi aliyejifunza nyumbani, aonyeshe kwamba yuko tayari kutafuta fundi wa ala hiyo kutoka kijijini, kwa maana urithi huo nao unafundishwa na kutahiniwa, wala si pambo la siku ya wazazi.

Jambo la mwisho halipaswi kuonewa haya. Mafunzo ya ala hufanywa na mwanafunzi mmoja mmoja, mara nyingi baada ya masomo, na usalama wa watoto ni jukumu letu kabla ya kombe lolote. Mpigieni simu mkuu wa shule alikotoka mwombaji, mkamuulize moja kwa moja kuhusu mwenendo wake na wanafunzi, na mlango wa chumba cha mazoezi uwekwe kioo kinachoonyesha ndani kabla mwalimu mpya hajaripoti kazini.