Akija Mwenye Daftari, Mhesabie na Wazima

Mwanzoni mwa 2018, chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilipotuvamia Mombasa, nilikuwa miongoni mwa waliotembea kwa kushika ukuta. Homa iliisha kwa siku chache, maumivu ya viungo yakabaki. Hata kukamua ndimu ilikuwa kazi. Na kabla ya hapo nilishameza dawa za malaria bila kupima. Hilo usinifuate.

Wiki ile akaja mhudumu wa afya wa mtaa, daftari kwapani. “Shikamoo mama. Humu mwalala wangapi?”

Nikamjibu kwa ukali kidogo: “Marahaba. Mgonjwa ni mimi, wazima wakuhusu nini?”

Akaketi barazani. “Uchochoro mmoja una wagonjwa 10, wa pili una 6. Upi umezidiwa?”

“Wa 10.”

“Huo una watu 400, mama. Ule wa pili una 60.”

Yaani watu wawili na nusu kwa kila mia, dhidi ya 10 kwa kila mia. Asingewahesabu wazima, angekimbilia kusikohitajika.

Hiyo ndiyo epidemiolojia. Daktari hushughulika na mgonjwa aliye mbele yake. Watu wa epidemiolojia wanautazama mtaa mzima: nani kaugua, wapi, tangu lini, na mbona jirani yake hana hata mafua. London mwaka 1854, daktari mmoja, John Snow, aligundua vifo vya kipindupindu vimeizunguka pampu ya Broad Street. Lakini waliokuwa wakifanya kazi kwenye kiwanda cha bia hapo jirani hawakufa, kwani maji ya pampu hiyo hawakuyanywa. Wazima nao ni ushahidi.

Swali lake la pili lilikuwa la maji. Mbu wa chikungunya, Aedes, huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama majumbani, nasi huku bomba hutoka likipenda, kwa hiyo kila nyumba ina mapipa. Alimulika la bafuni kwangu: viluwiluwi tele wakijinyonganyonga. Nikanyamaza.

Basi akija kwako, mtajie kila mtu, hata mgeni aliyelala siku mbili, na tarehe homa ilipoanza (iandike mapema, utaisahau). Pipa lifunike, na kila wiki lisugue ndani; kulimwaga tu hakutoshi, mayai hugandia ukutani na huvumilia ukavu miezi kadhaa. Langu nalisugua Ijumaa asubuhi, na juu ya kifuniko nimeweka jiwe, maana wajukuu wamekifanya usukani.