Kupanda Lushoto kwa baiskeli: mlima unapandika, jifunze kwanza kuteremka

Mkuu, umeuliza kama mtu wa miaka 44, aliyezoea barabara tambarare ya kwenda Bagamoyo, anaweza kwenda milima ya Usambara na baiskeli ya resi ya mtumba, akapata barabara tulivu asibanwe na malori. Wadau wengi wamekujibu kuhusu kupanda. Mimi naishi Korogwe, na tangu 2015 nimepanda kutoka Mombo hadi Lushoto mara nyingi sana, kwa hiyo naomba nikujibu kwa kirefu, hasa juu ya jambo ambalo hakuna aliyeligusa: kuteremka.

Kwanza jibu fupi. Unaweza. Njoo.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 hivi, lami mwanzo mwisho. Mombo iko chini kwenye joto, mita 400 na kitu kutoka usawa wa bahari, na Lushoto iko kama mita 1,400. Unapandisha mita 1,000 basi, ila hazikugawanywa sawa. Mzigo mkubwa uko nusu ya kwanza, Mombo mpaka Soni. Hapo barabara inafuata korongo la mto, kona juu ya kona, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Ukishayaona maporomoko ya maji ya Soni, jua umebakiza kidogo kufika soko la Soni, na kazi ngumu imekwisha. Kuanzia Soni unapita kwenye mashamba ya kabichi, karoti na maharage, barabara inapanda na kupumzika, inapanda na kupumzika, mpaka Lushoto.

Mlima wenyewe hautishi kwa ukali. Unachosha kwa sababu hauishi. Ndiyo maana gia ni muhimu kuliko mapafu. Resi nyingi za zamani zinazokuja kwenye kontena zina gia ndogo ya mbele yenye meno 39, na kubwa ya nyuma yenye meno 25. Kwenye gia hiyo, ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa, upende usipende. Mtu asiyezoea hawezi kuushika mwendo huo kwenye zile kona kwa saa nzima. Ataanza kusimama juu ya pedeli, na magoti yatamdai kesho yake. Mwambie fundi akufungie meno 34 mbele na 32 nyuma, aangalie pia kama kile chuma kinachohamisha mnyororo kinaweza kuifikia gia kubwa namna hiyo. Mzunguko ule ule wa 60 utakupa kilomita 8 kwa saa. Ni mwendo wa kuongea na mtu huku unapanda, na ndio mwendo wenyewe wa huu mlima. Mimi Mombo hadi Soni natumia zaidi ya saa mbili pamoja na kusimama, na sijawahi kuona haya kwa hilo.

Usije kwa baiskeli kutoka Segera au Korogwe kufuata barabara kuu. Kile kipande cha kwenda Arusha kina mabasi na malori ya masafa, na upepo wa basi likikupita peke yake unakuyumbisha. Panda basi hadi Mombo, fungua gurudumu la mbele, baiskeli ilale kwenye buti juu ya mizigo, si chini yake. Lala Mombo, amka saa kumi na moja, saa kumi na mbili uwe barabarani. Mombo jua likishapanda ni tanuri, na korongo la chini halina upepo. Ukiwahi, unakimbilia baridi: kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi 6 hivi, na utalisikia hilo kwenye ngozi ya mikono kabla hujafika Soni.

Sasa hilo la utulivu. Barabara ya Lushoto ni tulivu ukilinganisha na barabara kuu, lakini usifikiri ni tupu. Asubuhi utakutana na wanafunzi wanaotembea ukingoni mwa lami kwa makundi, kina mama wenye kuni au matenga ya mboga kichwani, bodaboda wanaoteremka wamezima injini kuokoa mafuta, ambao kwa hiyo huwasikii. Siku ya gulio mara mbili yake. Fuso za mboga zinashuka zimejaa, na dereva wa gari lililojaa hawezi kukukwepa kwenye kona nyembamba. Kaa kushoto kwako, usikate kona hata kama unaiona iko wazi. Na salimia watu. Unapopanda kwa kilomita 8 kwa saa kuna muda wa kutosha wa kumwambia mzee shikamoo na kusikia marahaba. Ukimpita kimya, ukitokea mgongoni kwake na tairi zisizo na sauti, unamshtua mtu mzima kwenye njia yake ya kila siku. Mimi nimefunga kengele ya kawaida, ile ya baiskeli za kubebea mizigo, na naipiga nikiwa bado mbali.

Ukishafika Lushoto usigeuze siku hiyo hiyo. Lala. Siku ya pili nenda Irente asubuhi na mapema, ni karibu tu na mji, ukasimame pale kwenye ukingo wa mwamba uangalie nyika yote ya Umasai chini, na mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari. Wengine watakuambia Irente ni ya watalii. Nenda tu. Halafu panda kwenda Magamba. Ni kilomita chache, zote za kupanda, na ghafla mashamba yanakwisha unaingia msituni. Hapo kuna kimya ambacho sijakipata kwingine kokote. Nimewahi kusimama pale karibu robo saa kumsubiri kinyonga avuke lami. Alikuwa wa kijani, mwenye vipembe viwili puani, ananyanyua mguu mmoja, anautikisa kama anapima joto la barabara, ndipo anautua. Kijana mmoja wa bodaboda alikuja akitokea juu, nikampungia mkono, akapunguza mwendo, akasimama naye. Tulisubiri wote wawili mpaka mkia ulipoingia kwenye majani. Mara nyingine mbega wanaruka juu ya barabara, unaona ile manyoya nyeupe ya mkia inapepea tu.

Kutoka Magamba wenye tairi nene wanaendelea hadi Mtae, ambako milima inaishia ghafla na unaiona hifadhi ya Mkomazi chini. Ni safari nzuri kuliko hii, lakini si ya tairi za milimita 23. Kwa hiyo baiskeli uliyonayo iishie Magamba, safari ya pili utakuja na nyingine. Hali kadhalika upande wa Bumbuli na mashamba ya chai ya Mponde: ni pazuri mno, na mvua ikinyesha udongo wake mwekundu unajaa kwenye breki mpaka gurudumu haligeuki.

Nirudi kwenye kuteremka, maana ndiko nilikoumia.

Mwaka wa pili wa kuendesha huku niliteremka kutoka Soni kwenda Mombo mchana, nimeshiba, nimejiamini. Nilikuwa nimeshika breki mfululizo tangu kona ya kwanza, kidogo kidogo, nikidhani huko ndiko kuwa mwangalifu. Ujue breki za raba zinazobana rimu hazifanyi muujiza wowote, zinageuza mwendo kuwa moto. Mimi na baiskeli tulikuwa kama kilo 85, tunashuka mamia ya mita, na moto wote ule uliingia kwenye rimu mbili nyembamba. Tyubu yangu ya nyuma ilikuwa na viraka vinne. Gundi ya kiraka kimojawapo ililainika. Nilisikia mlio, halafu sehemu ya nyuma ikaanza kuserereka kwenda bondeni. Niliangukia upande wa mwamba kwa rehema ya Mungu tu. Mkono wa kushoto ulichubuka toka kiwiko hadi kiganja, na nilipogusa rimu nitoe tairi, iliniunguza vidole.

Mama mmoja aliyekuwa anauza mapeasi kwenye ndoo pale kwenye kona alinimwagia maji mkononi kwa kikombe, taratibu, akaondoa changarawe moja moja kwa kucha. Hakuniuliza natoka wapi. Alisema, "Baba, nyie mnaoshuka bila kupumzika, sisi tunawaona." Alikuwa anakaa kwenye ile kona kila siku, na ameshaona mengi. Tangu siku hiyo nikiteremka nasimama pale, nanunua mapeasi, rimu zinapoa.

Kwa hiyo fanya hivi. Tyubu mpya zote mbili kabla ya safari, isiyo na kiraka hata kimoja, na nyingine mbili mfukoni. Raba za breki mpya, na uangalie kama kuna vipande vya mchanga au chuma vilivyozama ndani yake, vitoe kwa ncha ya kisu. Usijaze upepo hadi mwisho wa kiwango kilichoandikwa ubavuni mwa tairi, maana ukipata joto unaongezeka. Ukiteremka, acha baiskeli iende kwenye kipande kilichonyooka, kisha bana breki zote mbili kwa nguvu kabla ya kona, achia, geuka. Kubana na kuachia. Katikati ya kona usiguse breki ya mbele kama unaweza kuepuka. Shika usukani kule chini kwenye pembe, vidole viwili juu ya breki, kalio nyuma ya kiti. Na kila baada ya dakika kumi simama, hata kama unajisikia vizuri. Karibisha kiganja kwenye rimu bila kuigusa. Ukisikia moto, kaa chini.

Jifunzie kabla ya kuja. Tafuta mteremko wowote mfupi karibu na kwako, hata wa mita 200, urudie mara ishirini ukifanya hiyo bana na achia mpaka mikono iwe inafanya yenyewe.

Kuhusu majira: epuka masika, Machi hadi Mei. Mvua ikikaza, mawe na udongo hushuka barabarani pale kwenye korongo, na majani mabichi kwenye lami yanateleza. Juni hadi Agosti ni kavu zaidi, ila Lushoto asubuhi ni baridi ya kweli na ukungu unaweza kufunga barabara mpaka saa tatu. Fulana ya mikono mirefu, na koti jepesi la kuzuia upepo kwa ajili ya kuteremka, maana jasho la kupanda likikutana na upepo wa kushuka utatetemeka mpaka ushindwe kubana breki vizuri. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana. Mimi napenda Septemba kuliko miezi yote.

Chakula si tatizo. Soni utapata chai ya tangawizi, chapati na maharage, na ndizi mbivu za kuweka mfukoni. Maji jaza Mombo chupa mbili, moja haitoshi kwenye korongo.

Ukiamua tarehe niandikie hapa hapa. Nikiwa na nafasi nitakusubiri Mombo stendi saa kumi na mbili, tupande wote kwa kilomita 8. Ukirudi peke yako, ukiwa kwenye kona za chini ya Soni, tafuta yule mama wa mapeasi upande wa mwamba. Simama.