Kabla ya kuuliza bunduki gani, uliza risasi itaishia wapi

Mwezi uliopita mpwa wangu alinipigia simu kutoka Morogoro. Amepata kazi yake ya kwanza kwenye kambi ya uwindaji wa kitalii, na hata kabla hajaingia porini tayari ana maswali. "Shikamoo mjomba. Hivi zile bunduki za wadunguaji wa jeshi si ndizo zingefaa kuwindia? Zinapiga kilomita nzima." Halafu akaleta la pili: ameona video ya mtu anapiga samaki mtoni kwa raifo, anataka kujua kama na sisi tunaweza.

Nimefuata nyayo za wanyama katika pori la Selous kwa miaka 19, na kabla ya hapo nilikuwa kijana wa Kilwa, mzamiaji. Nilimjibu kama ninavyowajibu vijana wote: acha kwanza mambo ya mtutu, niambie risasi inaishia wapi.

Tuanze na porini. Kwa mnyama hatari kama nyati, Tanzania inataka bunduki yenye kipenyo cha mtutu kisichopungua inchi .375, na watu wengi wanaitumia .375 H&H ambayo imekuwapo tangu 1912. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 hivi. Mgeni anapofika kambini, siku ile ile tunampeleka kwenye shabaha, kwa sababu bunduki iliyosafiri kwenye ndege inaweza kuwa imegongwa na darubini yake imehama. Usikubali kuruka hatua hii hata mgeni akikwambia amepiga wanyama mia. Nyati tunamkaribia hadi mita 50 au 60. Risasi ya kwanza mara nyingi ni laini, ile ambayo ncha yake ya madini laini ya risasi hufunguka kama uyoga ndani ya mwili na kubaki humo. Zinazofuata ni ngumu, za kupenya mfupa wakati mnyama amegeuka na kukuonyesha makalio.

Na hapa nataka kijana anielewe vizuri. Nyati akijeruhiwa vibaya akaingia kichakani, tunaomfuata ni mimi na mwindaji bingwa, yule anayemwongoza mgeni, damu kwa damu, jani kwa jani. Mgeni aliyefyatua kwa haraka anasubiri nyuma. Nimewahi kufuata dume mmoja kuanzia saa nne asubuhi hadi jua linazama kwa sababu mtu alipiga kutoka mbali mno, akamvunja mguu wa nyuma. Mnyama yule aliteseka siku nzima. Sijamsahau.

Sasa ya mdunguaji. Ni kweli bunduki hizi ni ndugu. Waingereza walipounda kikosi cha Lovat Scouts mwaka 1900 kwa vita vya Makaburu, waliwachukua walinzi wa wanyama wa milima ya Scotland, watu waliozoea kunyatia kulungu. Simo Häyhä wa Finland, aliyewaua mamia ya askari wa Kisovieti katika vita vya 1939 hadi 1940, alikuwa mkulima na mwindaji. Remington 700 ilitoka 1962 kwa ajili ya wawindaji, na miaka minne baadaye Marines wa Marekani walikuwa nayo Vietnam kwa jina la M40.

Ndugu ni bunduki, lakini risasi si ndugu. Azimio la The Hague la 1899 lilikataza vitani risasi zinazofunguka au kubonyea ndani ya mwili wa binadamu, kwa hiyo risasi ya kawaida ya askari imevikwa metali ngumu. Mpige swala kwa risasi hiyo: inaweza kutoboa na kupita, yeye akakimbia kufia mbali usipomwona, na yenyewe ikaendelea hadi kwa mwingine aliyesimama nyuma. Halafu hiyo kilomita moja anayoisifia mpwa wangu! Risasi ya jeshi ya milimita 7.62 iliyowekwa shabaha kwa mita 100 huwa imeshuka zaidi ya mita 10 ikifika huko, na imetumia zaidi ya sekunde moja njiani. Katika sekunde hiyo swala amepiga hatua, upepo umebadilika, na pale ulipolenga kifua umepata tumbo. Mwanajeshi ana sababu zake za kukaa mbali. Mwindaji hana hata moja. Nyatia.

Kuhusu samaki sina utani kabisa. Tulikuwa kando ya Rufiji, mgeni akaona kambale mkubwa karibu na uso wa maji, akafyatua kabla hatujamshika mkono. Risasi iligonga maji kwa pembe ndogo, ikaruka kama jiwe la watoto, ikachana gome la mti ng'ambo. Hatua chache kutoka mti ule palikuwa na mvulana anatega nyavu. Kambale alikwenda zake.

Ikiingia kwa pembe kubwa nayo haifiki mbali: risasi ya kasi hupinduka na mara nyingi hupasuka kabla ya kumaliza mita moja ya maji. Ndiyo maana Wasovieti walipotaka bunduki ya wapiga mbizi, ile APS, waliitengenezea risasi ndefu kama misumari. Jimbo la Vermont, Marekani, linaruhusu kupiga samaki aina ya paiki kwa bunduki wakati wa masika yao, na wapigaji wengine hupanda juu ya miti ili risasi iende chini. Mara nyingi kinachomzimisha samaki ni mshtuko wa maji. Huku kwetu mtoni kuna watu kila kona. Usijaribu.

Ipo bunduki ya mshale ya wazamiaji, inayosukumwa na mpira. Kenya iliipiga marufuku mwaka 2001. Kwingineko muulize afisa uvuvi kabla hujanunua. Ukiruhusiwa, uvute mpira tayari kwa kufyatua ukiwa majini tu, uulegeze kabla ya kupanda chomboni, na usizamie peke yako, kwa sababu mtu aliyebana pumzi anaweza kuzimia karibu kabisa na uso wa maji. Pono muache, ndiye anayekwangua mwani juu ya matumbawe.

Wiki iliyopita mpwa alikuja Kilwa. Maji yalipokupwa nilizamisha kopo kwenye dimbwi la kiuno, nikampa mti mrefu uliochongwa, nikamwambia alichome akiwa amesimama ukingoni. Alikosa mara nne, kila mara mti ukipita juu ya kopo, maana maji hukionyesha kitu juu kuliko kilipo. Mara ya tano akanyamaza, akainama kidogo, akalenga chini ya kopo analoliona.