Wadogo zangu wa MX-5, acheni kuazima springi

Juzi usiku niliingia kwenye mazoezi ya timu yetu ya gemu za mbio za magari nikawakuta vijana wetu wawili wapya wako Laguna Seca, ule uwanja wa Marekani, na Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989. Nikafurahi, maana hilo ndilo gari ninalowaambia wageni wote waanze nalo. Furaha ikadumu hadi Corkscrew, ile kona ya mteremko mkali. Wa kwanza alifika pale juu, akagusa breki, gari likazunguka kama feni na kushuka mteremko wote kinyumenyume. Wa pili akamfuata hivyohivyo. Nikaomba wanitumie seti zao, yaani marekebisho yote waliyolifanyia gari. Injini ya V8. Springi zimekazwa hadi mwisho. Gari limeshushwa hadi tumbo linakwangua lami. Nikauliza namba hizi mmezitoa wapi, mmoja akajibu kwa adabu zote: "Kaka, nimezikopi kwenye seti ya Nissan GT-R iliyoshika namba moja."

Nilikaa kimya kidogo, kwa sababu jibu hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe. Ndiyo maana naandika. Nawapenda, wadogo zangu, lakini kila msimu kosa ni hilohilo, na safari hii nimeamua kulisema lote.

1. Injini iacheni kama ilivyokuja.

MX-5 ile ilitoka kiwandani na injini ya lita 1.6, nguvu farasi kati ya 115 na 120 kutegemea soko, uzito kilo 940 hivi. Ukiipachika V8 umeongeza uzito puani, na umekula pointi ambazo zingenunua tairi. Iwe ni PP ya Gran Turismo au PI ya Forza, yaani pointi za uwezo wa gari, gemu inakupa bajeti moja tu. Tairi kwanza, breki pili, kupunguza uzito tatu, nguvu mwisho kwa chenji itakayobaki. Uzito ukipungua unalipwa kila mahali: kwenye kusimama, kwenye kona, kwenye kuondoka, hata kwenye ulaji wa tairi. Nguvu inakulipa kwenye mnyoofu peke yake. Lotus Elise ya 1996 ilikuwa na nguvu farasi 118 tu, lakini kwa kilo 725 hivi ilikuwa inayakimbiza magari yenye injini kubwa mno kuliko yake. Kila kilo ya gari la namna hiyo kuna mtu aliyehangaika kuiondoa. Msimrudishie.

2. Springi.

Hapa nitakaa, mnivumilie.

Miaka kadhaa nyuma timu yetu iliingia mbio za saa mbili kwenye Nordschleife, ule uwanja mrefu wa Ujerumani, kwa magari ya chini ya kilo elfu moja. Tulikuwa watatu, kila mmoja dakika arobaini, na mimi ndiye niliyekuwa fundi wa seti. Nilikuwa na seti ya GT-R niliyoijenga kwa miezi na kuiamini sana. Gemu tuliyokuwa tukicheza ilionyesha springi kwa kilo kwa milimita, na za nyuma zilikuwa 7. Nikazihamishia kwenye MX-5 zilivyo. Kichwani mwangu springi ngumu ilikuwa ndiyo gari la mbio, na springi laini ilikuwa gari la kubebea mizigo.

Hesabu yenyewe ni fupi. GT-R ya 2007 ina kilo 1,740, MX-5 ina 940. Springi inayolichezesha GT-R mara 2 kwa sekunde, ukiiweka chini ya MX-5 italichezesha karibu mara 2.7. Ukitaka MX-5 nayo icheze mara 2, springi inatakiwa iwe karibu 4, siyo 7. Ni hesabu ya dakika mbili, na dakika mbili hizo sikuzitoa. Wanaocheza Gran Turismo 7 wana nafuu, kwa kuwa namba yao ni ya Hz, yaani gari linacheza mara ngapi kwa sekunde, na uzito umeshaingia humo. Wa Forza mnapaswa kuipiga wenyewe.

Basi, usiku wa kwanza wa mazoezi, Flugplatz. Pale gari linapaa kidogo, linatua, na kona ya kulia iko palepale inakusubiri. Langu lilikuwa likitua linadunda mara mbili tatu kabla ya kutulia. Nikasema shokapu ni dhaifu, nikazikaza upande wa kurudi, yaani zinaponyooka. Sasa gurudumu likibanwa juu linachelewa kushuka, tuta la pili linalikuta bado liko juu, na gari linazidi kushuka chini kila tuta. Nikaona linalala kwenye kona, nikakaza stabilaiza ya nyuma, ile fimbo inayozuia gari kulala upande. Mkia ukaanza kuchomoka, nikaongeza kufuli la difu, linalolazimisha magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja. Kila dawa ilizaa ugonjwa wake, nami kila usiku nilikuja na dawa mpya. Springi sikuzigusa hata mara moja, kwa sababu zilitoka kwenye seti niliyoiamini.

Kilichonipotosha zaidi ni muda wa raundi. Baada ya raundi zaidi ya mia moja nilikuwa nimeshajua kila mahali gari lile linapouma. Usiku mmoja nikapiga raundi iliyopunguza sekunde nne kwenye muda wangu bora wa mwanzo. Nikapiga picha ya skrini, nikaitupia timu, nikaandika: "Seti ndiyo hii." Sekunde nne zile zilitoka kwenye kuijua barabara. Seti ilikuwa inanirudisha nyuma, mimi nikaipa sifa.

Tulikuwa na mdogo wetu mmoja, mkimya, mwenye mkono laini kuliko sisi wote. Alijaribu raundi mbili akasema, "Kaka, nyuma linaruka. Silielewi." Nikamjibu, "Lishike vizuri tu, utalizoea." Maneno hayo nayakumbuka hadi leo. Mtu anayeendesha gari lako akikwambia linaruka, amekupa taarifa iliyo bora kuliko telemetria yote, zile grafu za mwenendo wa gari, na mimi niliigeuza ikawa lawama juu ya mikono yake.

Siku ya mbio nilianza mimi, nikampa gari tukiwa wa tano. Raundi yake ya tatu, Pflanzgarten, mahali pengine gari linapopaa, alitua gari likiwa limepinda kidogo tu, upindaji ambao gari lenye springi zake lingeumeza bila dereva kuhisi. Likadunda, mkia ukapita mbele, ukuta. Akalileta gereji, likatengenezwa, akatoka. Raundi iliyofuata, palepale, tena. Tulimaliza wa mwisho kati ya timu zilizofika. Kwenye maongezi baada ya mbio akasema, "Samahanini jamani, nimewaangusha." Hakuna aliyemjibu. Mimi niliyekuwa na jibu nilinyamaza pia, kwa sababu moyoni nilikuwa naamini kweli ametuangusha. Wiki iliyofuata hakuja. Na iliyofuata.

Karibu mwezi ulipita. Nilikuwa nafuta mafaili ya zamani kupata nafasi, nikafungua marudio ya mbio zile. Sijui kwa nini niliishusha kamera hadi usawa wa gurudumu la nyuma na kupunguza mwendo. Alikuwa anaingia Karussell, ile kona ya kushoto iliyotandikwa mabamba ya zege. Gurudumu likagonga kiungo cha bamba, likapaa. Kati yake na zege palikuwa na nafasi ya kupitisha kiganja, na kivuli cha tairi kilionekana kimeachana na tairi. Likashuka, likagusa, likagonga kiungo cha pili kabla shokapu haijamaliza kunyooka, likapaa tena. Hivyo kona nzima. Nikafungua telemetria, mstari wa springi ulikuwa kama meno ya msumeno. Nikaangalia mikono yake: usukani anaugeuza mapema na taratibu, mafuta anayarudisha kidogokidogo, anasubiri tairi ishike. Alikuwa anasubiri tairi iliyokuwa hewani.

Nilimpigia usiku uleule. Nikamwambia kosa lilikuwa langu tangu mwanzo, nikamtumia ile video. Akaitazama bila kusema neno. Kisha akauliza, "Sasa springi umeweka ngapi?" Nikamwambia 4. Akasema, "Nitumie nijaribu."

Leo hakuna seti inayotoka kwenye timu yetu kabla yeye hajaiendesha raundi tano. Akisema linaruka, tunarudi mezani, hata kama saa ya mazoezi imebaki nusu.

3. Badilisha kitu kimoja, piga raundi tano, andika namba ya zamani pembeni ya mpya. Mngekuwa mnafanya hivi tu, nusu ya maswali mnayoniuliza usiku wa manane yasingekuwepo.

4. Usishushe gari hadi mwisho. Gari jepesi lenye springi laini linahitaji nafasi ya kucheza, na likigonga chini katikati ya kona hakuna springi tena, ni chuma kwa chuma.

5. Kemba (mwinamo wa tairi kwa juu, hasi ni kuelekea ndani) na upepo wa tairi vinasomwa kwenye joto la tairi, havibuniwi. Kemba anza na hasi 1 hivi mbele na pungufu yake nyuma, kisha angalia tairi baada ya raundi tatu: ndani ikiwa ya moto sana kuliko nje, punguza. Na msikimbilie tairi ngumu kwa gari la kilo 940. Litachukua nusu ya mbio kuzipasha.

6. Difu.

Wengi mnagusa upande wa kuongeza mafuta peke yake. Kwa nguvu farasi 115 upande huo hauna makuu, kazi yake ni kuzuia tu tairi ya ndani isizunguke bure ukitoka kona. Upande wa kuachia mafuta ndio wenye maneno, hasa kwa gari lenye injini nyuma ya viti kama Elise. Ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, mkia unaondoka. Kufuli likiongezwa kidogo upande huo mkia unatulia, na gharama yake ni pua kuwa nzito kuingia kona. Kila dereva ana kipimo chake. Kuna dada yetu kwenye timu anayeendesha Elise kwa namba ndogo kabisa ya kuachia, namba ambayo mimi ingeniua kona ya kwanza. Mgeni mmoja aliikopi, akazunguka usiku kucha. Dada akamchukua hadi uwanja wa Suzuka, kwenye zile kona za S, akamwambia apite zote bila kugusa breki, kwa kupunguza na kuongeza mafuta tu, polepole kadiri anavyotaka. Saa nzima wanapanda na kushuka zile S kama wanafundishana kusuka. Mwisho wa saa yule mgeni hakuwa anazunguka tena, na difu haikuguswa. Kabla hujabadilisha difu, hakikisha mguu wako hauachii mafuta kama mtu aliyekanyaga moto.

7. Gia: rekebisha uwiano wa mwisho (final drive) kwanza, ule unaogusa gia zote kwa pamoja. Gia ya juu kabisa ifike kwenye nyekundu ya mshale wa injini karibu na mwisho wa mnyoofu mrefu wa uwanja husika. Kwa Nordschleife huo ni Döttinger Höhe, zaidi ya kilomita mbili, na seti ya pale ukiipeleka Laguna Seca utakuta gia ya tano haijawahi kuingia. Injini ndogo inaishi juu, mshale ukishuka katikati umeshapoteza kona iliyopita na mnyoofu unaofuata.

8. Ukimpa mtu seti, mwambie unatumia padi ya gemu au usukani, na kama umewasha kizuia utelezi. Ukipokea, uliza.

Sasa nyie wawili wa Laguna Seca. V8 itoeni leo, rudisheni ile 1.6. Springi anzeni na 4 mbele na nyuma, shokapu na stabilaiza rudisheni kwenye namba za kiwandani, kimo cha gari pandisheni. Niko kwenye chumba cha mazoezi kuanzia saa mbili usiku, na yule mkimya atakuwepo. Muda wa raundi sitauliza. Njooni na marudio ya raundi tano, kamera ikiwa chini kwenye gurudumu la nyuma, kuanzia breki za Corkscrew hadi mteremko unapoisha.