Umekwama wapi? Maswali ya wanachuo kuhusu makundi ya kusoma mtandaoni

Kundi la darasa letu WhatsApp lina watu zaidi ya 200. Madesa, yaani notsi za kupeana, yanamiminika kila siku, ila takwimu bado hainiingii. Nijitoe? (Mwaka wa kwanza, Dodoma)

Usijitoe, tangazo la mtihani litakupita. Ila kundi la namna hiyo halitakufundisha, kwa kuwa desa halijui umekwama wapi. Tafuta wenzako wanne au watano, fungueni kundi lenu, mwekeane sharti moja: anayeuliza aonyeshe alikofika. Piga picha ukurasa wa daftari, zungushia mstari uliokushinda, andika: "Hadi hapa naelewa. Hii ya kugawa kwa n kutoa moja imetoka wapi?" Swali la hivyo lina pa kushika. "Jamani, takwimu ngumu" haijibiki.

Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa kawaida mwenye mwalimu wake peke yake aliwapita asilimia 98 ya waliofundishwa darasani. Tafiti za baadaye zimepata tofauti ndogo kuliko hiyo, lakini swali lake bado linaniumiza: nani atamudu mwalimu kwa kila mwanafunzi? Kwenye darasa lililofurika, mwalimu huyo ni mwenzako aliyeelewa jana usiku.

Naogopa kuuliza, wataniona kilaza.

Mfuate mmoja faragha. Ukishaelewa, andika wewe maelezo kundini. Wapo walionyamaza kama wewe.

Nasoma Chuo Kikuu Huria huku nikifanya kazi Sumbawanga. Wenzangu hujadili kwa video usiku, na bando langu halihimili.

Waambie wazi. Chuo chenu kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 ili mtu asome bila kuacha kazi yake. Kundi nalo lisikuache nyuma. Omba mjadala ufuatiwe na maandishi mafupi na picha za hesabu. Asubuhi jibu swali lililobaki bila jibu.

Siku hizi naiuliza akili mnemba. Kundi la nini tena?

Iulize, hasa saa nane za usiku. Kisha funga simu, kesho yake uwaeleze wenzako bila kutazama popote. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha kuwa wanafunzi waliojaribu kukumbuka walichosoma walikihifadhi zaidi baada ya wiki kuliko waliokirudia kukisoma, ingawa hawa wa pili ndio waliojiamini zaidi. Ukieleza, kuna atakayekukatiza: "Hapo umeruka hatua." Rudi papo hapo, uanzie hapo.